Udi Ndani ya Gari Jeupe

Kibokoni, Mombasa
Jumanne, Septemba 1996

Kakangu mpenzi Athmani,

Asalaam aleikum. Hujambo wewe, wifi yangu hajambo, na wale wanao wawili wamefika kimo gani sasa? Joto la huko Maskati limepungua au bado mwachemka? Sisi huku tu wazima, twamshukuru Mola. Mama goti lake bado lamsumbua akipanda ngazi, lakini ulimi wake, kama ujuavyo, haujapata kuugua hata siku moja. Yuko jikoni akikaanga samaki, na tangu asubuhi ananiuliza ni nini hicho ninachoandika kisichokwisha. Nimemjibu kwamba ni salamu tu.

Barua hii anakuja nayo mume wa jirani yetu, anayerudi kazini huko kesho. Amesema atapita kuichukua baada ya Alasiri, kwa hivyo naandika mbio. Naketi, nainuka, naenda dirishani, narudi. Maandishi yangu usiyacheke. Mkono wafuata moyo, na moyo wangu tangu wiki iliyopita haukai mahali pamoja.

Jambo lenyewe walijua. Mama alikupigia simu akakwambia kwamba nimeposwa na Hussam, yule mwenye yadi ya magari pale Tononoka, na kwamba kwa vile Baba hayupo, Mungu amrehemu, walii wangu ni wewe na ndiyo yako peke yake ndiyo iliyobaki. Hussam naye atakupigia simu Ijumaa baada ya swala, akuombe mwenyewe kama ada inavyotaka. Mama alikupa sifa zake zote, na wallahi hakuongopa hata moja. Ila Mama alikueleza mtu aliyemwona sebuleni kwake. Mimi Hussam nimemjua kwa gari. Nataka uyasikie ya gari kabla simu haijalia, na nakuomba usinijibu moyoni mwako mpaka ufike mwisho.

Wakumbuka mwezi wa Machi, niliporudi nyumbani na talaka yangu, ukasema hutaki kusikia nimeketi kumtazama Mama na Mama kunitazama mimi. Ukatununulia gari ili niwapeleke watoto wa kike wa mtaani shuleni kule Ganjoni, maana wazazi wengi hapa walikuwa wakitafuta dereva mwanamke wasimpate. Ukatuelekeza kwa Hussam kwa sababu marehemu babake na Baba walikuwa wakiswali safu moja. Nakwambia haya si kwa kukulaumu, Kaka. Hata ningekuwa mimi ningetuelekeza huko huko.

Basi tukaenda, mimi na Mama, na fundi Chirau tukamchukua aje alikague gari. Hussam akatupokea kwa heshima zote, akatuletea viti na kahawa, kisha akaufungua mlango wa lile gari jeupe. Lahaula! Harufu ya udi iliyotoka humo ungedhani umefungua chumba cha bibi harusi. Si udi wa vumbi, ni udi wenyewe. Mama aliingia, akafumba macho, akavuta pumzi, akatamka kwamba hili ni gari la watu wenye adabu zao. Wajua kwetu mtu akikufukizia udi amekuheshimu, na mtu aliyekuheshimu utaanzaje kumpekua? Chirau alikuwa ameshaivua kofia ainame chini ya gari, Mama akampa nauli akamwambia arudi zake, ati tusimvunjie kijana wa watu uso mbele ya wateja. Nami sikumzuia. Niliona haya pamoja naye. Tukarudi na gari letu, tukisifu udi njia nzima.

Sasa sikia vituko. Kwanza vioo vikashuka vikakataa kupanda, na mvua za Aprili ndizo hizo zimeingia. Kisha taa za mbele zikawa zinawaka zinavyotaka zenyewe. Kisha honi. Honi ya gari hilo, Kaka, ilikuwa na akili yake. Ijumaa moja napita kando ya msikiti, khutba imo katikati, ikashika kulia haitaki kunyamaza. Mimi ndani ya buibui langu napiga usukani kwa ngumi, nachomoa ufunguo, na bado inalia. Mzee mmoja akatoka akaniuliza kwa upole kama nimekuja kumwita imamu au waumini wote. Nilitamani ardhi ipasuke nizame na gari langu. Mama aliposimuliwa alicheka mpaka akashika mbavu, lakini mimi sikucheka.

Kila mara nilikwenda Tononoka kwa Hussam, na kila mara nilipokewa vizuri kuliko nilivyotangulia kupokewa. Kiti, kahawa, kashata, habari za Mama, habari zako. Fundi wake akishika waya hapa, akifunga waya pale, nami nikirudi nyumbani nimeshukuru kama niliyepewa zawadi. Baada ya siku chache linaharibika jengine. Nikienda tena naambiwa kesho, inshallah. Ningekuwa nimepata mtu wa kunitolea maneno makali ningegombana naye tukamaliza, lakini utagombanaje na mtu anayekuuliza kama goti la mamako limepata dawa?

Halafu ikaja ile asubuhi ya breki. Nimewapakia wasichana watano, tunateremka kuelekea Mbaraki, nakanyaga breki, mguu unazama mpaka chini kama nimekanyaga mto wa pamba. Nikakanyaga tena, hakuna kitu. Mbele yangu kuna mkokoteni wa maji na mwenyewe amenipa mgongo. Sijui nilifanya nini, najua tu kwamba nilivuta breki ya mkono na kulisukumiza gari kwenye ukingo wa njia, likakwaruza ukuta mpaka likasimama. Watoto wakaanza kulia. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi, hata mwenye mkokoteni hakujua kilichompita. Niliwachukua kwa miguu mpaka shuleni, wawili nimewashika mikono, na nilipowafikisha nikakaa kwenye ngazi ya ofisi. Kahindi, karani wa shule hiyo, ndiye aliyeniletea maji na kuniambia nisinyanyuke kwanza. Hili hatukukwambia. Mama alisema usitiwe wasiwasi ukiwa mbali.

Gari likavutwa mpaka pale uwanjani ninapoliegesha, kwani kichochoroni kwetu halipiti. Nilipofungua mlango kesho yake, jua limelipiga mchana kutwa na vioo vimefungwa, udi ulikuwa umekwisha. Badala yake nikasikia harufu nyengine, ile ya pwani maji yakipwa. Nikadhani ni mvua. Nikachukua kisu cha jikoni, nikaing'oa kapeti chini ya kiti changu. Kaka, bati la chini lilikuwa limeliwa na kutu, na juu ya kutu kuna ukoko mweupe. Nikaugusa, nikaonja. Chumvi! Na mchanga mwembamba kwenye pembe, na kipande cha gamba la chaza, kidogo kama ukucha. Lile gari lilikuwa limezama baharini. Wapi sijui, huko huko lilikotoka au melini. Limezama, limeanikwa, limepakwa rangi, likafukizwa udi, kisha tukauziwa sisi.

Nikakikata kipande cha ile kapeti, nikakitia ndani ya kikapu changu cha sokoni, nikaenda nacho Tononoka. Sikungoja kahawa. Nikakiweka juu ya meza yake na gamba la chaza juu yake, nikamwambia anuse. Palikuwa na wateja wawili, wakatazamana. Hussam hakunusa. Aliwaomba wale radhi, wakatoka, akabaki akilitazama lile gamba. Nilijiandaa aape. Nilikuwa nimeshapanga maneno yangu ya kumjibu kiapo chake.

Hakuapa. Aliniambia kwamba alijua. Alilinunua Dubai akijua, ndiyo maana alilipata kwa bei rahisi, na kwamba alifukiza udi siku nyingi mpaka mwenyewe akasahau kuna nini chini. Akasema hakudhani breki zitakufa upesi hivyo, na aliposikia habari ya watoto alishika kichwa kwa mikono miwili. Siku ile ile akalichukua gari jeupe, akanipa hili la buluu ninaloendesha sasa. Ni la zamani kidogo lakini Chirau amelala chini yake mpaka akatosheka, na Hussam mwenyewe ndiye aliyemtandikia gunia la kulalia. Kisha akaja nyumbani na shangazi yake, Bi Tumu, akamuomba Mama msamaha ana kwa ana. Mama akalia, Bi Tumu akalia, tukala biriani.

Yangeishia hapo yangekuwa mazuri, sivyo? Nami nilidhani yameishia hapo. Akawa anapita jioni kuulizia gari. Anasikiliza injini kama daktari anavyosikiliza kifua, anatia upepo magurudumu, na akimaliza haondoki. Alinihadithia juu ya marehemu mkewe bila kujipamba. Alinisikiliza nilipomweleza ya talaka yangu, asiseme neno la kumtukana yule mtu, nami nikashukuru, maana kila mtu humtukana na mimi huwa najiona mjinga zaidi. Sikufichi, Kaka: nimempenda. Nimempenda kwa sababu aliniambia alijua. Katika miaka yangu yote ya ndoa sikuwahi kusikia mwanamume akikaa mbele yangu na kukiri kosa lake. Bi Tumu alipokuja na posa, Mama alikuwa bado anauliza mimi nimeshaitikia.

Sasa nakuja penyewe. Subiri nifunge dirisha, upepo wanipeperushia karatasi.

Wiki iliyopita nilikwenda Marikiti kununua ndimu na mbatata za Mama, nikasema nipitie yadini nimsalimu, nimchekeshe. Nafika, gari jeupe liko mbele kabisa, linang'aa. Milango yote minne wazi, na chetezo kimewekwa chini, kapeti mpya, moshi unatoka madirishani. Na ndani ya gari ameketi Kahindi, huyo huyo karani aliyenipa maji, na mkewe Mbeyu kando yake, watoto wao watatu nyuma wanarukaruka. Mbeyu alinishika mkono kwa furaha akaniambia hebu nisikie harufu yake, hajapata kuona gari linanukia namna hii. Wanataka la kwendea kwao Kaloleni, kule kwenye milima, wakawatazame wazee kila mwisho wa mwezi.

Nilitaka kusema. Kinywa kilishafunguka. Hapo Hussam akatoka ofisini, akaniona, uso wake ukachanua, akawaambia kwa bashasha kwamba kama wana shaka wamuulize huyu dada, gari lake limetoka yadi hii hii. Wote wakanigeukia. Na mimi, Kaka, nilisema alhamdulillahi, langu linakwenda vizuri. Ndivyo nilivyosema. La buluu linakwenda vizuri, sikuongopa. Kahindi akashusha pumzi, akamwambia mkewe basi, kama dereva wa wasichana wetu wa shule ameisifu yadi hatuna la kuuliza. Nilirudi nyumbani nimeziacha ndimu kwenye benchi lake.

Alipokuja jioni kunirejeshea ndimu nilimuuliza. Hakukasirika. Alinieleza kwa upole wake ule ule kwamba breki ametia mpya na nyaya kabadilisha nyingi, na gari hakuna aliyemlazimisha mtu kulipenda. Nikamuuliza kuhusu kutu ya chini, akasema kutu ipo kwenye kila gari la Mombasa. Nikamuuliza kwa nini basi asiwaambie. Akatabasamu, akasema yale ni ya biashara, haya yetu ni ya nyumbani, nisiyachanganye. Mama alikuwa anamimina chai, akaitikia kwamba ni kweli, mwanamke hatakikani kuingia dukani kwa mumewe. Tangu siku hiyo nikila chakula sijui nilichokula. Nikiwa kwenye usukani nawatazama wasichana kwa kioo nawahesabu, nikifika nawahesabu tena. Aliniambia ukweli mimi kwa sababu nilimwekea gamba la chaza mezani. Je, nisingelikuwa nalo?

Basi sikiliza nililolifanya, ambalo Mama halijui wala Hussam halijui. Alhamisi ya wiki hiyo hiyo, baada ya kuwashusha watoto, nilikwenda ofisini kwa Kahindi, nikafunga mlango, nikamwambia kabla hajalichukua gari ainue kapeti chini ya kiti cha dereva, aweke kidole, kisha aonje. Nikamuomba asitaje jina langu. Alinitazama, akakumbuka ile siku ya maji, akafahamu gari lilikuwa ni lipi. Hakuniuliza lolote. Alisema ahsante, na sauti yake haikuwa ya furaha.

Siku hiyo hiyo alikwenda yadini akainua, akaondoka zake. Jioni Hussam alikuja kwetu uso umemsawijika. Akamlalamikia Mama kwamba kuna hasidi anayemfitini mjini, mtu anayejua mambo ya ndani ya yadi yake, na kwamba anamdhania fundi Chirau, na hatamruhusu tena kukagua gari yadini kwake. Mama akamlaani huyo hasidi kwa laana zake zote, unazijua, hasazi kitu. Mimi nilikuwa nimeshika birika. Nikammiminia Hussam kahawa, akaniambia ahsante mwana wa watu, wewe tu ndiye unayenituliza. Hasidi mwenyewe ndiye aliyemshikia kikombe, Kaka. Chirau maskini anakoseshwa kazi kwa ajili yangu, na gari jeupe limesogezwa nyuma ya yadi, lingoje mteja mwengine asiyenijua.

Mama ameshatoa chetezo cha bibi, cha fedha, amekisugua kwa jivu mpaka kinametameta, ati siku ya harusi nifukizwe kwacho. Jana alikijaribu sebuleni. Udi ulipopanda nikatoka nje mbio, nikasingizia kichwa. Nimeogopa, Kaka. Nimeogopa kuolewa na mtu ambaye kila akinifukizia udi nitataka kuinua kapeti.

Na bado nampenda. Hili nalisema wazi, maana wewe si mtu wa kufichwa.

Nakuomba jambo moja. Ijumaa akikupigia, msikilize kwa adabu, mwache aseme yote ya ada. Akimaliza, muulize lile gari jeupe alilotuuzia kwanza lina nini na liko wapi. Swali hilo tu. Kisha nyamaza. Nakujua, wewe kimya cha simu hukiwezi, humkimbilia mtu kumsaidia maneno. Siku hiyo usimsaidie. Usimwambie kwamba nimekuandikia. Akikutajia maji ya bahari kwa kinywa chake, na watoto waliokuwamo, na kwamba halitauzwa tena kwa mtu asiyeambiwa, basi mpe mkono wangu, nami nitamwambia mwenyewe hasidi wake ni nani, mbele ya Mama na Bi Tumu na Chirau, tukosane mpaka tumalize. Akikwambia ni kasoro ndogo ndogo na zimekwisha, mwambie dadangu hayuko tayari, na Mama niachie mimi.

Ijumaa wakati huo nitakuwa nimesimama nje ya shule nikiwangoja wasichana. Nitakuwa namwombea aseme. Wewe uliza tu, lakini nawe mwombee.

Mama amemaliza kukaanga, anakuja, na mwenye kuichukua barua namsikia akibisha hodi chini. Mama akusalimu sana, ati umtumie ile dawa ya goti ya mwaka jana, si hii ya juzi, hii ya juzi yanuka. Mpe wifi mkono wangu, na watoto wabusu macho yote mawili. Usiache kuniombea dua, na usiniwekee kinyongo kwa yale ya breki tuliyokunyima.

Ni mimi nduguyo akupendaye,

Nabiha